Chumba cha Maji ya Fedha

Kambi Muru, Kibera
Jumatatu, 5 Februari 1979

Baba Nasambu,

Usihangaike kunitafuta stesheni ya mabasi. Niko kwa kaka yangu Khamala, hapa Kambi Muru, na mtoto yuko nami. Alhamisi ulipotoka kwenda karakana ya mwenye nyumba wetu, Githinji, nilifunga nguo zetu kwenye shuka moja, nikambeba Nasambu mgongoni, nikatembea kutoka Kabiro mpaka hapa. Si mbali, ni saa moja na kidogo. Lakini nakuomba usije.

Sikutoka kwa sababu ya njaa wala mwanamume. Nimetoka kwa sababu ya pombe. Asubuhi ile uliinua kikombe, mkono ukatetemeka, chai ikamwagikia gauni la mtoto. Nilichukua kitambaa nikampangusa. Wewe ndiye uliyenigombeza, kana kwamba mimi ndiye niliyekutikisa. Wesonga, hukuwa mtu wa kupiga kelele. Siku hizi sahani ikigonga meza unafoka. Mate yanakutoka usingizini mpaka mto unalowa. Watu wa kwaya wakibisha hodi unajificha nyuma ya pazia, wewe uliyekuwa ukiwaanzishia nyimbo. Baba yangu alikufa kwa chang'aa. Kutetemeka kule nakujua.

Na mtoto je? Viganja na nyayo zimekuwa nyekundu, ngozi inachunika. Halali, hali chakula, jasho linamtoka bila joto, mwanga unamuumiza macho, nikimgusa analia. Mgonjwa mmoja ningembeba. Wawili wamenishinda.

Jirani yetu Wakarima anakuja kuuza mboga Makina, hapa Kibera, kila Jumanne na Ijumaa. Ukiwa na la kuniambia, mpe yeye.

Ni mimi,
Sella


Kabiro, Kawangware
8 Februari 1979

Mama Nasambu,

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Mwandiko unisamehe, kalamu haikubali kufuata mstari.

Sijanywa. Tangu nibatizwe sijaonja hata busaa ya kuonja tu. Umelala na mimi kitanda kimoja miaka sita, ulininusa pombe siku gani? Hata mimi sijui mikono hii imepatwa na nini. Nilienda zahanati, wakasema ni uchovu na mishipa ya fahamu, wakanipa vidonge vyeupe. Meno mawili ya chini yanacheza.

Hebu fikiria pia kazi yenyewe. Kule karakana, mtaa wa Satellite, tuko mafundi saba, tunavunja taa ndefu za tyubu, hita na friji zilizotupwa na maofisi. Githinji alimchagua nani kwa zile swichi ndogo za kioo zenye maji ya fedha ndani? Alinichagua mimi. Alisema hiyo ni kazi ya mtu mtulivu, na isifanywe mbele ya watu, ndiyo maana nikaileta nyumbani. Umeniona mwaka mzima: navunja kioo, namimina kwenye karai, naliweka juu ya jiko mpaka mafuta na uchafu viungue na maji yale yabaki yanang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nafunga mlango, naziba na gunia chini kama alivyoniagiza. Mlevi angeweza hayo? Kitone kikiruka sakafuni si Nasambu ndiye aliyekuwa akikikimbiza kwa kidole, tukicheka wote watatu?

Chumba kimekuwa kikubwa. Rudi.

Mume wako,
Wesonga


Kambi Muru
27 Februari 1979

Baba Nasambu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilitaka kuiamini. Halafu Khamala akaiona mezani, akaichukua, akacheka: "Barua hii imeandikwa ndani ya klabu ya busaa. Tazama, hata herufi zinapepesuka." Nikaitazama upya. Ni kweli, Wesonga. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuandika "S" ya jina langu.

Habari njema ni ya mtoto. Juzi aliomba ugali mwenyewe. Mikono bado inachunika lakini amelala usiku kucha siku nne mfululizo. Labda ni maji ya huku, labda ni maombi ya akina mama.

Nakuwekea sharti moja tu. Njoo kanisani kwetu hapa, simama mbele ya wazee, useme kosa lako na uape kuacha. Hakuna atakayekucheka. Ukifanya hivyo kabla ya Pasaka, nitafunga tena shuka langu nirudi Kabiro siku hiyohiyo.

Sella


Kabiro
6 Machi 1979

Mama Nasambu,

Jumapili nilikuja. Nilivaa koti la harusi, nikatoka mapema, nikafika mpaka penye ua wa kanisa lenu. Watu walikuwa bado nje. Nikamwona Nasambu akikimbia. Anakimbia, Sella! Hapa alikuwa hata kusimama hataki. Ukamwita, ukamfunga kamba ya kiatu.

Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka kwako. Kisha mzee mmoja akageuka akanitazama, na moyo ukaanza kunipiga kama wa mwizi. Niliona kila mtu ananitazama mdomo. Siwezi kukueleza. Sikuwa na kosa la kusema, lakini ningekuwa nalo pia nisingeweza kulisema. Nikarudi njia ile ile.

Nina swali, na tafadhali lijibu vizuri bila kuongeza wala kupunguza. Mtoto alianza kupona siku gani? Ni baada ya dawa, au baada tu ya kuondoka hapa?

Wesonga


Kambi Muru
13 Machi 1979

Baba Nasambu,

Ulikuja ukaondoka bila kunisalimu. Nimekasirika siku tatu, hasira ikaisha, nikabaki na koti lako la harusi machoni. Lilipigwa pasi na nani?

Umeuliza, nami najibu. Hakupewa dawa yoyote. Wiki ya pili jasho lilikauka, wiki ya tatu akaanza kulala, ya nne akala. Hivyo tu. Kwa nini unauliza kama karani wa hospitali?

Nami nina neno ambalo sikutaka kuliandika nikiwa na hasira. Nina mimba ya miezi miwili. Nilipotoka kwako nilikuwa nayo bila kujua.

Kwa hiyo sharti langu nalifuta. Hata kama unakunywa, nilisema "katika shida na raha" mbele ya watu, na hiyo ni shida. Tutapigana nayo tukiwa wawili. Nitarudi Jumamosi, tarehe ishirini na nne. Usisafishe kitu, nitasafisha mwenyewe. Nasambu anasema utamchezea tena yale maji yanayokimbia.

Mke wako,
Sella


Kabiro
20 Machi 1979

Sella,

Usije tarehe ishirini na nne. Ulisema kweli tangu mwanzo: nakunywa. Nakunywa kila siku na sina nia ya kuacha.

Tena kuna mwanamke humu ndani. Vyombo vyako amevipanga anavyotaka yeye. Ukija utatuaibisha sisi sote mbele ya wapangaji wote wa ploti.

Hiyo mimba ilee huko kwa kaka yako.

Wesonga


Kabiro
20 Machi 1979

Mulamwa Khamala,

Wakarima atakukabidhi barua hii mkononi, Sella asiione. Nyingine ni yake. Niliyomwandikia ni uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sinywi, wala sina mwanamke. Najua hukuwahi kunipenda sana kama shemeji, lakini soma mpaka mwisho.

Mtoto amepona kwa kutoka chumba hiki tu. Hakunywa hata kidonge. Mimi niliyebaki nazidi. Paka wa Wakarima alikuwa akilala humu, wiki jana alianza kuzunguka kama kichaa, akafa mlangoni. Sijui ni ugonjwa wa kuambukiza, au mtu ametutupia kitu, au ni kitu kilichomo ndani yangu mimi. Ninachojua ni kwamba anayekaa nami anaharibika. Na sasa Sella ana mimba.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie tu kwamba naumwa. Wewe dada yako unamjua. Mama yenu alipougua kifua kikuu watu wote walisimama mlangoni, Sella akaingia akalala naye kitanda kimoja. Nikimwandikia "naumwa", kabla jua halijazama atakuwa hapa na mtoto mgongoni. Anachukia kitu kimoja tu kuliko kifo, nacho ni mlevi anayetembea na wanawake, kwa sababu ya baba yenu. Basi acha anichukie mpaka ajifungue salama. Baada ya hapo nitaeleza mwenyewe, kama nitakuwa na mdomo wa kuelezea.

Mshikilie hapo.

Mulamwa wako,
Wesonga


Kambi Muru
30 Machi 1979

Mulamwa,

Umenipa mzigo mbaya. Sella alisoma barua yake akiwa anapepeta mchele. Aliikunja, akamaliza kupepeta, akapika, tukala. Halafu akavua pete akaifunga kwenye kitambaa. Hajalia mpaka leo. Ningependa alie.

Mara tatu nimefungua kinywa kumwambia, nikakumbuka mimba, nikaishia kumwomba maji. Nakaa nashona viatu vya watu huku nimenyamazia mambo kama mwizi.

Mimi ndiye niliyecheka mwandiko wako. Sikujua. Mtu mzima kuomba msamaha kwa karatasi ni jambo gumu, nitakuomba uso kwa uso. Jumapili hii nimefungwa na viatu vya harusi ya watu. Ile inayofuata, tarehe nane, nitakuja baada ya ibada, tutoke pamoja twende hospitali kubwa. Hiyo zahanati ya vidonge vyeupe achana nayo. Kula hata kama hujisikii.

Khamala


Kabiro
Jumanne, 10 Aprili 1979

Mama Nasambu,

Nimebeba barua zenu miezi miwili chini ya sukuma wiki na sijafungua hata moja. Leo nabeba yangu mwenyewe, maana kwa mdomo nisingeweza kumaliza. Kaa chini kwanza.

Jumamosi Githinji alileta katoni nzima ya zile swichi. Nilimsikia akisema, "Mnunuzi wa maji haya anaondoka Jumatatu kuyapeleka kwa wachimba dhahabu. Maliza leo." Baba Nasambu akamwambia, "Mwenye nyumba, sijisikii vizuri." Akajibiwa, "Basi kuna watu ishirini wanataka kazi yako na chumba chako." Saa nane mchana akawasha jiko, akafunga mlango. Nilianza kusikia kikohozi. Saa kumi akatoka akishika ukuta, midomo imekuwa ya bluu. Nikamlaza kwangu.

Jumapili kaka yako akaja, akamkuta hawezi kumaliza sentensi. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani yetu Kihara. Hospitalini daktari kijana akauliza, "Anafanya kazi gani?" Khamala akaeleza: swichi, karai, maji ya fedha. Daktari akaacha kuandika, akasimama. Akasema yale maji jina lake ni zebaki. Ukiyapasha moto yanapanda hewani kama mvuke, hayana rangi, hayana harufu, unayavuta bila kujua. Mengine yameingia kwenye sakafu yenu ya udongo na yanaendelea kutoa mvuke hata bila moto. Hayo ndiyo yaliyomla mwaka mzima. Mikono, meno, mate, zile hasira, hata ile aibu ya kuogopa watu, vyote ni hiyo zebaki. Na mtoto wako alikuwa akiumwa hiyohiyo.

Kwa hiyo sikiliza, mimi nimekaa naye ukuta mmoja. Hakuna pombe. Hakuna mwanamke. Mwanamke pekee aliyeingia humo tangu uondoke ni mimi, nikimpelekea uji. Khamala amenieleza kwamba alikuandikia vile ili usirudi. Kaka yako alijua, usimlaumu sana. Bado yuko hospitalini kando ya kitanda cha mumeo, hajatoka tangu Jumapili, ndiyo maana unaipata habari hii kutoka kwangu.

Jana Githinji alikuja na kufuli. Alichukua chupa na karai, akaambia ploti nzima kwamba Wesonga alikuwa mpangaji tu, na kwamba yeye hajui alikuwa akipika nini.

Mtoto mwachie mke wa jirani. Nimekuja na pikapu ya Kihara, iko barabarani inakungoja. Twende.

Wakarima


Chwele, Bungoma
3 Juni 1979

Kwa Wakarima, dada niliyempata Nairobi,

Sikukuaga. Tulipopewa mwili tulipanda lori moja kwa moja, na tangu tumzike hapa kwao sikuweza kushika kalamu. Leo naweza.

Nataka wewe ujue siku zile kumi na moja zilivyokuwa, kwa sababu wewe ndiye uliyenipeleka. Mwanzo hakutaka nisogee. Alipunga mkono kunifukuza. Nikamwambia, "Daktari amesema huambukizi mtu. Ni nyumba. Si wewe." Akauliza, kwa vipande, maana pumzi ilikuwa haitoshi, "Si mimi?" Nikasema, "Si wewe." Ndipo akaniachia mkono wake. Ulitetemeka ndani ya mkono wangu siku zote zile, hata akiwa amelala.

Siku ya nne au ya tano alipata nafuu kidogo. Nikamuuliza, "Yule mwanamke uliyeniandikia anaitwa nani?" Alicheka mpaka muuguzi akaja na oksijeni. Akasema, "Sikupata muda wa kumtafutia jina." Nilimpiga kofi dogo begani. Nililia siku hiyo, Wakarima, kwa mara ya kwanza, na huku nacheka.

Khamala alimwomba msamaha kuhusu mwandiko. Wesonga akamwambia, "Hata mimi nilishindwa kuusoma."

Kinachoniamsha ni hiki. Niliamini mikono yake iliyotetemeka, sikuamini kinywa chake kilichosema "sijanywa". Nilimwacha peke yake na sumu miezi miwili. Watu wananiambia, kuondoka kwako ndiko kulikomwokoa mtoto. Ni kweli. Lakini nikilala nawaza kwamba ningeondoka naye, sote watatu, kwa sababu yoyote ile, hata ya uongo.

Nasambu ana mwili sasa, huwezi kumjua. Nisalimie Kihara.

Sella


Kabiro
28 Septemba 1979

Mama Nasambu,

Nilisema sitakusumbua mpaka ujifungue, lakini jambo hili halingoji.

Githinji amepangisha kile chumba namba nne. Amepaka chokaa ukutani, ametandika mkeka wa plastiki juu ya ule udongo, basi. Wameingia kijana mmoja Mkamba, Mutie, fundi wa kupaka rangi, na mke wake. Wana mtoto wa miezi saba anayejifunza kutambaa. Nilienda kuwaambia siku ya kwanza. Githinji akawaambia kwamba ninataka chumba hicho kwa dada yangu ndiyo maana nawatisha na maneno ya uchawi. Sasa wakiniona wananisalimu wakiwa wamegeuka upande.

Nilimwambia Githinji, "Mtu alikufa humo." Akajibu, "Alifia hospitalini. Watu wote hufia hospitalini."

Andika wewe. Mimi ni jirani tu. Wewe ulilala humo.

Wakarima


Chwele, Bungoma
9 Oktoba 1979

Kwa mke wa Mutie, chumba namba nne,

Hunijui. Mimi ni Sella, niliyekaa chumba hicho kabla yako, miaka minne. Kitanda changu kilikuwa upande wa dirisha, nadhani chako pia kiko hapo, maana upande wa pili mvua inavuja. Nakuambia hivyo ujue kwamba simwandikii mtu yeyote tu.

Wakarima hataki chumba chako. Hana hata dada.

Mume wangu Wesonga alikuwa akiyeyushia humo kitu kinachoitwa zebaki, kilichotoka kwenye swichi za vyombo vya umeme. Hakujua ni sumu, na aliyempa hakumwambia. Matone yake yamezama sakafuni, chini ya huo mkeka wa plastiki. Funua pembe iliyo karibu na mlango, kwaruza udongo kwa kijiko, utaona chembe ndogo zinazong'aa zikikimbiana. Ukishaziona usiziguse, wala usizifagie, na mtoto asikaribie. Huna haja ya kuniamini mimi. Amini hizo.

Kisha mtazame mwanao. Je, viganja vyake ni vyekundu? Anatoka jasho bila joto? Anafumba macho kwenye mwanga? Mtazame na mumeo akiinua kikombe. Akianza kuwa mkali bila sababu, akiogopa wageni, mikono ikitetemeka, usifikiri kama nilivyofikiri mimi. Usimwache ukaondoka peke yako. Mshike mkono mtoke wote.

Mume wangu tulimzika mwezi wa nne. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na sauti ya kuongoza kwaya. Siku tisa zilizopita nimejifungua mvulana. Ananyonya, analia kama watoto wengine, lakini hospitalini wanasema tungoje tuone, kwa hiyo nangoja. Kila akiamka namfungua nguo namtazama mwili mzima, kidole kwa kidole. Sitaki wewe uishi hivyo.

Najua si rahisi kupata chumba Nairobi. Kaka yangu Khamala, fundi viatu, anakaa Kambi Muru, Kibera. Nimemwandikia, na amekubali mlale kwake mpaka mpate pengine. Wakarima ataisoma barua hii pamoja nawe kama maandishi yangu yana taabu, na anaijua njia. Usingoje mwisho wa mwezi, wala usingoje Mutie arudi kutoka kazini. Mfunge mtoto mgongoni, mwachie mumeo neno kwa jirani awafuate jioni hiihii, asilale humo, uende leo. Vyombo vitafuata.

Sella, mama Nasambu